Jua la Utosi na Mwinamo wa Dunia

Mwanzoni mwa kila Januari, kati ya tarehe 2 na 5, dunia huwa karibu na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: kilomita milioni 147 hivi. Miezi sita baadaye, mwanzoni mwa Julai, umbali huo hufika kilomita milioni 152. Mkazi wa Dar es Salaam akizisoma tarehe hizi atatikisa kichwa kwa kukubali. Januari kwake ni mwezi wa jasho, feni haizimwi usiku kucha. Julai ni kipupwe, na asubuhi maji ya kuoga yanauma. Basi atasema, bila shaka, tukilikaribia jua tunaungua, tukikaa nalo mbali tunapoa.

Maelezo hayo yanaonekana kukaa sawa, na ndiyo maana yameganda vichwani mwa watu wengi wenye elimu zao. Mwanafunzi wa Ulaya ana nafuu. Theluji inapoanguka Januari anajionea mwenyewe kwamba habari ya umbali haielezi majira. Mwanafunzi wa pwani yetu hana ushahidi huo mlangoni pake. Kwake tarehe za umbali na tarehe za joto zimelingana kwa bahati tu, na bahati hiyo imekuwa mwalimu mbaya.

Dawa ni kumuuliza ndugu aliyeko Muscat. Huko Januari watu hutoka jioni kutembea na kufurahia hali ya hewa, na Julai, dunia ikiwa mbali na jua kuliko siku zote, mtu hawezi kukanyaga sakafu ya nje kwa miguu mitupu. Dunia ni moja, jua ni moja na umbali ni ule ule kwa wote wawili. Kinachotofautisha ni kwamba Muscat iko nyuzi 23.6 kaskazini ya ikweta na Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini yake, na kwamba mhimili ambao dunia huuzunguka haukusimama wima: umeinama kwa nyuzi 23.4. Juni ncha ya kaskazini inakuwa imeelekea jua. Desemba inakuwa imeligeuzia kisogo. Mhimili wenyewe haukugeuka. Unaelekea upande ule ule wa anga mwaka mzima, ila dunia imehamia upande wa pili wa jua.

Kwa kuwa umbali nao una sehemu yake, tuupe haki yake kwa hesabu. Juu kabisa ya angahewa, kabla mawingu hayajachukua chao, kila mita ya mraba iliyo juu ya Dar es Salaam hupokea nishati ya uniti 10.6 hivi katika siku nzima ya tarehe 21 Desemba. Nasema uniti zile zile tunazonunua kwenye umeme. Tarehe 21 Juni hupokea uniti 8.4. Pungufu ni asilimia 20. Ukizitenganisha sababu mbili, umbali peke yake unapunguza asilimia 6 na kitu. Mwinamo unapunguza asilimia 15. Kwa hiyo hata hapa petu, ambapo sababu hizi mbili zinasukuma upande mmoja, mwinamo una nguvu zaidi ya mara mbili ya umbali. Muscat zinavutana, na mwinamo unashinda kwa mbali: uniti 11.1 mwezi Juni, 6.5 mwezi Desemba.

Mwinamo unafanyaje kazi hiyo? Unafanya mambo mawili: unabadili urefu wa mchana na unabadili pembe ya miale. Katika nchi za mbali na ikweta yote mawili yana uzito. Kwetu urefu wa mchana ni jambo dogo. Dar es Salaam mchana mrefu kabisa wa mwaka, wa Desemba, ni saa 12 na dakika 31. Mfupi kabisa, wa Juni, ni saa 11 na dakika 43. Tofauti haifiki saa moja. Kwa hiyo kwa mtu wa Afrika Mashariki habari yote iko kwenye pembe, na pembe inapimika kwa kijiti.

Simika kijiti cha mita moja kwenye ua ulio tambarare, kiwe wima kabisa. Tarehe 21 Juni, kama saa 6:25 mchana kwa saa ya Dar es Salaam, jua linakuwa limefika juu kadiri litakavyofika siku hiyo, na kivuli kinakuwa cha sentimita 58, kimelala kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba kivuli cha adhuhuri ni sentimita 30, na sasa kimelala kuelekea kaskazini. Kati ya tarehe hizo, karibu tarehe 10 Oktoba na tena karibu tarehe 3 Machi, kivuli kinajikusanya chini ya kijiti na kupotea. Hilo ndilo jua la utosi. Siku hiyo miale inashuka wima, na kila mita ya mraba ya mwale inaangukia mita moja ya mraba ya ardhi. Juni mwale ule ule, kwa kuwa unakuja kwa kulala, unatandazwa juu ya mita 1.16 za mraba, na kabla ya kufika umepita kwenye hewa nene zaidi. Kipupwe cha Dar es Salaam kimeanzia hapo, kwenye sentimita 58 za kivuli.

Watu wa pwani wamekuwa wakiutumia mwinamo huu kwa karne nyingi bila kuuita jina hilo. Wakati wa adhuhuri huingia jua likishapinduka, yaani kivuli kikishaanza kurefuka tena. Wakati wa alasiri, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, huingia kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Kwa kijiti chetu, tarehe 10 Oktoba alasiri inaingia kivuli kikifika mita moja. Tarehe 21 Juni ni lazima kifike mita 1.58. Anayepanga ratiba ya msikiti kwa kivuli lazima aujue mwinamo, awe amesoma jiografia au hakusoma. Si ajabu kwamba wanaastronomia wa Kiislamu waliupima mapema na kwa makini mno. Al-Battani, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita huko Raqqa, alipata nyuzi 23 na dakika 35, kipimo ambacho kwa zama zake kilikuwa sahihi sana.

Tusogee sasa hadi Nanyuki, mji wa Kenya uliopitiwa na mstari wa ikweta. Hapo Juni jua liko nyuzi 23.4 upande wa kaskazini, na Desemba liko nyuzi zile zile upande wa kusini. Mwinamo umejifuta. Kinachobaki ni umbali, na ikweta ndipo mahali ambapo unaweza kuuona peke yake: uniti 9.2 Juni, uniti 9.9 Desemba. Lakini kilele cha mwaka kwa Nanyuki hakiko Juni wala Desemba. Kiko Machi na Septemba, jua linapopita utosini, zikikaribia uniti 10.5. Ikweta ina vilele viwili kila mwaka na mabonde mawili. Mtu wa Ulaya ana kimoja tu, na majira manne anayoyahesabu yanatokana na hicho kimoja.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata wasomi. Tarehe 21 Juni, juu ya angahewa, ncha ya kaskazini hupokea uniti 12.6 kwa siku, kuliko Nanyuki, kuliko Dar es Salaam, kuliko hata Muscat. Jua liko chini kule, lakini halichwi. Linamulika saa zote 24. Barafu haiyeyuki yote kwa sababu weupe wake hurudisha sehemu kubwa ya mwanga angani, na miale huja kwa kulala mno ikipita kwenye hewa nyingi. Kwa hiyo anayesema ncha ni baridi kwa sababu haipati jua amesema nusu. Kwa wiki kadhaa za mwaka inalipata kuliko mtu yeyote.

Mzunguko wa dunia kwenye mhimili wake nao una mengi. Mita moja ya mraba inayolikabili jua moja kwa moja nje ya angahewa hupokea wati 1,361. Ukiigawa nishati hiyo kwa uso mzima wa dunia, mchana na usiku, unapata robo yake, wati 340. Dunia inageuzwa kama mishikaki juu ya makaa, na kila upande unapata zamu kabla haujaungua na kabla haujapoa. Mwezi uko umbali ule ule na jua, kwa wastani, lakini siku yake moja ni sawa na siku 29 na nusu za kwetu, na hauna hewa. Mchana wake hupita nyuzi 100 za Selsiasi, na usiku wake hushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri.

Kila saa dunia inajizungusha nyuzi 15, na hiyo ndiyo saa halisi ya jua, ambayo haiafikiani daima na saa ya ukutani. Tanzania nzima inatumia saa ya longitudo 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti ndani ya nchi; uko baharini. Matokeo yake ni kwamba kwa wastani jua hufika kileleni Dar es Salaam saa 6:23 mchana, na Kigoma saa 7:01. Mtu wa Kigoma anayelaumiwa kwa kuchelewa kuamka asubuhi anaamka na jua lake kama sisi tunavyoamka na letu.

Na hata pale ulipo, jua halishiki saa. Mapema Novemba huchomoza Dar es Salaam dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi na kuchwa kama saa 12:17 jioni. Katikati ya Februari mchana una urefu ule ule karibu kabisa, lakini jua linachomoza kama saa 12:27 na kuchwa saa 12:48. Nusu saa imehama, na urefu wa mchana haukubadilika. Wanaotazama ratiba za magharibi wanalijua hili vizuri. Sababu ni ule ule mwinamo ukishirikiana na kasi ya dunia, ambayo huongezeka kidogo tukilikaribia jua na kupungua tukikaa mbali nalo. Hapa ndipo umbali wa Januari unapoonyesha kazi yake kwa mtu wa Dar es Salaam: kwenye saa ya kuchomoza jua, kabla ya kwenye jasho.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ya mwinamo na mzunguko, kwa upande huu wa dunia, ni mvua na pepo. Pale jua linapokuwa la utosi hewa hupata moto, hupanda juu, na hewa ya pande zote mbili hukimbilia kuziba nafasi. Mkanda huo wa mawingu na mvua hulifuata jua kusini na kaskazini, ukichelewa kwa wiki kadhaa kwa sababu bahari na ardhi huchukua muda kupata moto. Jua hupita Dar es Salaam likienda kusini Oktoba, na vuli huja Oktoba hadi Desemba. Hurudi Machi, na masika huja Machi hadi Mei. Kadiri unavyokwenda kusini, mapito hayo mawili hukaribiana, hadi Songea na Mtwara yanakuwa msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Milima, maziwa na joto la Bahari ya Hindi huvuruga hesabu hii kila mwaka, na mkulima anajua ni kwa kiasi gani. Ila ratiba ya msingi imeandikwa na mwinamo.

Kusi na kaskazi ni ndugu za habari hiyo hiyo. Juni ardhi kubwa ya Asia inapata moto kwa sababu kaskazini imeelekea jua, hewa inavutwa kutoka kusini, na kusi linavuma. Kama dunia isingejizungusha, upepo huo ungekwenda moja kwa moja. Kwa kuwa inajizungusha, hewa inapinda: kusini ya ikweta hupindia kushoto, kaskazini yake hupindia kulia. Kwa hiyo kusi linalotoka kusini-mashariki kwetu, likishavuka ikweta, hugeuka na kutoka kusini-magharibi, likapita pwani ya Somalia hadi Uarabuni na India. Milima ya Dhofar, nyuma ya Salalah, inakuwa ya kijani Julai na Agosti kwa sababu ya upepo huu. Na majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Oman na Ghuba yalirudi kwa kusi, mwaka baada ya mwaka. Biashara, ndoa na ukoo mzima wa Waswahili wa pande zote mbili za bahari vilisafiri kwa ratiba hiyo.

Wazee wa pwani walijua kwamba ratiba hii haiwezi kuhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote, mara kwenye masika, mara kwenye kiangazi. Kwa ajili ya kulima na kusafiri walikuwa na mwaka mwingine, wa Nairuzi, wenye siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanywa Makunduchi kila Julai ni mwanzo wa mwaka huo. Ni kalenda ya jua, iliyotunzwa na watu waliohitaji kujua lini kusi litakaza na lini mbegu ziingie ardhini. Inanisikitisha kuona inabaki kuwa tamasha la watalii tu, ilhali ni sayansi yetu ya majira, imepimwa na kutumiwa na mababu.

Mwinamo wenyewe hautulii. Huenda kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 katika muda wa miaka 41,000 hivi, na kwa sasa unapungua, kiasi kwamba mistari ya tropiki inasogea kuelekea ikweta kwa karibu mita 15 kila mwaka. Tarehe ya kulikaribia jua nayo huhama. Miaka 10,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa ikilikaribia jua katikati ya mwaka, mvua zikapanda kaskazini kwa nguvu, Sahara ikawa na maziwa na malisho, na Ziwa Turkana likajaa makumi ya mita juu ya kina chake cha leo. Hesabu za mabadiliko haya ya muda mrefu zilifanywa kwa mkono na Milutin Milanković, Mserbia, aliyezichapisha kwa ukamilifu mwaka 1941.

Narudi kwenye paa la nyumba, kwa sababu hapo elimu hii inageuka fedha. Paneli za sola zimeenea vijijini, na miongozo mingi inayosambaa imeandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya tropiki: elekeza kusini, inamisha nyuzi 35. Fundi akifuata hivyo Dar es Salaam au Dodoma amemuibia mteja wake bila kukusudia. Chukua adhuhuri ya tarehe 21 Juni Dar es Salaam. Paneli iliyolazwa bapa inapokea asilimia 86 ya mwale wa moja kwa moja. Iliyoinamishwa nyuzi 15 kuelekea kaskazini inapokea asilimia 96. Iliyoinamishwa nyuzi 15 kuelekea kusini, asilimia 70. Ile ya nyuzi 35 kuelekea kusini, asilimia 42.

Fundi anaweza kujibu kwamba Desemba mambo hugeuka, na ni kweli: wakati huo jua liko kusini na paneli iliyoelekea kusini inafaidi. Lakini Dodoma Desemba ni mwezi wa mvua na mawingu, na Juni hadi Septemba anga ni jeupe. Isitoshe paneli hupenda ubaridi. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 huipunguzia asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Miezi mikavu na ya baridi ndiyo ya kuvuna, na jua la miezi hiyo liko kaskazini. Kwa hiyo hukumu yangu kwa karibu Tanzania nzima ni hii: kaskazini, nyuzi 10 hadi 15. Nairobi, nyuzi 1.3 tu kusini, mwelekeo hauna uzito mkubwa, ila ipe mwinamo wa nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Lodwar na Moyale, zilizo kaskazini ya ikweta, ziangalie kusini kidogo.

Na hukumu ya pili ni juu ya darasa. Mtoto wa Mbeya anakariri majira manne ambayo hajawahi kuyaona, na hajui siku ambayo jua litapita juu ya paa la shule yake. Siku hizo zinajulikana, na si za siri. Mbeya ni karibu tarehe 26 Februari na 16 Oktoba. Mtwara ni 22 Februari na 20 Oktoba. Mombasa ni 10 Machi na 3 Oktoba, Bujumbura 12 Machi na 1 Oktoba, Mwanza 14 Machi na 29 Septemba, Kampala 21 Machi na 22 Septemba. Siku moja ikizidi au kupungua si neno. Mwalimu unayesoma safu hii, iandike tarehe ya mji wako kwenye ubao wa matangazo sasa hivi, na siku hiyo ikifika watoe wanafunzi nje kabla ya saa sita, kila mmoja na kijiti chake na rula.